Bomba Lililosimama Vibaya Husema Uongo

Haya ni maneno ya mtumishi wa kilimo wa shirika letu kwa vikundi vya bustani za kiangazi, katika mkutano uliofanyika chini ya mti karibu na tangi la maji. Tumeyachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na kwa wale waliofika lakini wangependa kuyasoma tena polepole.



Nawashukuru kwa kuacha kazi zenu asubuhi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya yale mabomba membamba yaliyosimama katikati ya matuta yenu. Wengi mmeniuliza: Yanafanya nini? Kwa nini tusiyaguse? Na kwa nini mwaka huu tunataka ninyi wenyewe mjifunze kuyasimamisha? Nitajibu yote. Lakini nitaanza na kosa langu, maana somo lote la leo limo ndani yake.

KOSA LANGU

Kiangazi kilichopita nilisimamisha bomba moja katika bustani ya bondeni. Ilikuwa jioni na gari lilikuwa linaningoja. Keekee ya kutobolea udongo ilifika sentimita 30 hivi, ikagonga jiwe. Badala ya kuhama, niliitikisa huku na huku mpaka ikapita. Shimo likapanuka. Nikaingiza bomba, likalegea ndani kama mguu wa mtoto katika kiatu cha baba yake. Nikajaza ile nafasi kwa udongo, nikakanyaga, nikaondoka.

Siku zilizofuata akina mama walimwagilia kama kawaida. Maji hayakuingia kwenye udongo sawasawa. Yalipata njia nyepesi kando ya bomba, yakateremka moja kwa moja mpaka chini. Nilipokuja na kifaa cha kupimia, kilisema udongo umeshiba kutoka juu hadi chini. Basi nikaandika katika daftari kwamba bustani hiyo isipewe maji kwa siku 6, na zamu yao nikawapa wengine.

Mama mmoja wa kikundi alinifuata akaniambia: "Mwanangu, bomba lako halijui njaa. Njoo uguse udongo mwenyewe." Nikamjibu kwamba namba za kifaa ni za kweli. Siku ya tano nyanya zilikuwa zimeangusha maua. Tulipochimba hatua mbili kutoka kwenye bomba, udongo wa sentimita 20 ulikuwa mkavu kama majivu.

Kifaa hakikuwa kibovu. Kilipima kwa usahihi maji yaliyokuwa yamezunguka bomba. Aliyekosea ni yule aliyesimamisha bomba. Na aliyelipa deni la kosa hilo si mimi. Ni familia zile zilizokuwa zikitegemea nyanya hizo kununua daftari za watoto na sabuni. Nimekwisha kuwaomba radhi, na leo naomba tena mbele yenu wote.

BOMBA HILI NI NINI?

Huku kusini-magharibi ya Uganda tuna misimu miwili ya mvua. Mmoja huanza Machi hadi Mei, na mwingine Septemba hadi Desemba hivi. Katikati kuna Juni, Julai na Agosti, miezi ya jua. Miezi hiyo bustani zote zinategemea tangi moja. Maji yanayopewa bustani moja yameondolewa kwa nyingine. Kwa hiyo swali la kila siku ni hili: nani ana haja ya maji leo, na kiasi gani?

Jicho peke yake halitoshi. Udongo wa juu unaweza kukauka na kuwa mweupe huku chini bado mna maji. Pia unaweza kuwa umelowa juu baada ya kumwagilia kidogo huku mizizi iliyo chini ina kiu. Ndiyo sababu tunasimamisha bomba. Bomba ni mlango tu. Ndani yake halina maji, halina dawa, halina waya. Mpimaji anapokuja, anafungua kifuniko, anateremsha fimbo yenye kifaa, anasoma namba kwenye kila kina, kisha anaitoa na kufunga. Tunaweza kupima mahali pale pale msimu mzima bila kuchimba na kukata mizizi.

Kifaa chetu kinatumia umeme mdogo wa betri. Kinaangalia jinsi vitu vilivyo nje ya bomba vinavyoupokea umeme huo. Katika hesabu hiyo hewa ina namba 1. Udongo mkavu una namba kati ya 3 na 5 hivi. Maji yana karibu 80. Mnaona tofauti ilivyo kubwa. Maji yakizidi katika udongo, namba inapanda. Mwaka 1980 wataalamu watatu wa Kanada, Topp, Davis na Annan, walichapa hesabu inayounganisha namba hiyo na unyevu wa udongo, na vifaa vingi vya leo vimefuata njia hiyo.

Sasa sikieni jambo la maana. Kifaa hiki hakioni mbali. Sehemu kubwa ya kipimo hutoka katika sentimita chache tu za udongo zilizo karibu na bomba. Kwa hiyo, kama kati ya bomba na udongo kuna nafasi, hata nyembamba, kifaa kinapima nafasi hiyo. Nafasi ikiwa na hewa, kitasema udongo ni mkavu kuliko ulivyo. Ikiwa na maji, kitasema umeshiba. Uongo wa kwanza unamwaga maji bure. Uongo wa pili unaua mimea.

MANENO YANAYOZUNGUKA KAMBINI

Kuna watu wanaosema kwamba tunatafuta dhahabu. Najua baadhi yenu mmetoka sehemu ambako mtu akitoboa ardhi leo, kesho wenye silaha wanafika. Hofu yenu ina sababu. Lakini mabomba haya hayafiki hata urefu wa mtu, na udongo unaotoka tunauweka mbele yenu juu ya gunia. Njoni muuangalie.

Wengine wanasema mabomba ni alama za kupima viwanja ili wenyewe wahamishwe. Sivyo. Bomba linaondolewa msimu ukiisha, na shimo linafukiwa.

Wengine wanasema yana sumu ya mionzi. Hapa nataka kusema ukweli wote, kwa sababu neno hili halikutoka hewani. Kiko kifaa cha zamani zaidi, cha nyutroni, kilichoanza kuelezwa na wataalamu katika miaka ya 1950. Hicho kina kipande kidogo chenye mionzi, na sheria inataka kitunzwe katika sanduku maalumu na kishikwe na mtu aliyefundishwa tu. Hata hicho, mionzi iko ndani ya kifaa, haibaki katika bomba wala katika mboga. Kifaa chetu si cha namna hiyo. Hakina mionzi yoyote.

JINSI YA KUSIMAMISHA BOMBA

Mwaka huu kila kikundi kitachagua watu wawili, ikiwezekana mama mmoja na kijana mmoja, wajifunze kazi hii. Hatua ni hizi.

1. Chagueni mahali panapofanana na bustani yote. Msiweke bomba kwenye njia ya kupita, chini ya mti, karibu na kichuguu, wala kwenye shimo ambapo maji hutuama. Msiweke pembeni kabisa ya bustani. Liwe ndani ya tuta, kati ya mimea, pale ambapo mizizi inakunywa. Bomba likiwekwa mahali pazuri kuliko pengine, litawaambia habari za mahali hapo tu.

2. Ngojeni udongo uwe na unyevu wa kiasi. Ukiwa mkavu sana, unamomonyoka na shimo linapanuka. Ukiwa tope, kuta za shimo zinapakwa kama ukuta wa nyumba na maji hayapiti vizuri. Siku mbili au tatu baada ya mvua nzuri ndiyo saa yake.

3. Simamieni juu ya ubao, msikanyage tuta karibu na bomba. Udongo ulioshindiliwa na miguu haupokei maji kama wenzake, na mimea ya hapo haikui sawa.

4. Tumieni pimamaji ya fundi mwashi kuona kwamba keekee imesimama wima. Angalieni pande mbili, si moja. Shimo likianza kwa kupinda, haliwezi kunyooshwa baadaye.

5. Zungusheni keekee polepole bila kuitikisa. Ikiingia sentimita 10, itoeni, kung'uteni udongo, rudieni. Mwenye haraka anayetaka kuchukua sentimita 30 kwa mara moja atalazimika kuivuta kwa nguvu, na shimo litapanuka.

6. Pangeni udongo juu ya gunia kwa mpango wake: wa kwanza hapa, wa pili pale, mpaka wa mwisho. Muuangalie rangi na ulaini wake. Andikeni mahali ulipobadilika, kwa mfano kutoka mchanga kwenda mfinyanzi. Habari hii itasaidia sana kuelewa namba baadaye.

7. Mkigonga jiwe au mzizi mkubwa, acheni. Fukieni shimo, muhame kiasi cha hatua moja, muanze upya. Hamjapoteza kitu ila nusu saa. Mimi sikutaka kupoteza nusu saa, na mmesikia kilichotokea.

8. Ingizeni bomba kwa kulisukuma kwa mikono. Lazima liingie kwa kubana. Likikataa mwishoni, wekeni kipande cha ubao juu yake na kugonga taratibu kwa nyundo ya mpira. Likiingia lenyewe bila kubana, litoeni. Shimo hilo halifai. Kuna wataalamu ambao katika ardhi ya mawe hujaza nafasi kwa uji wa udongo, lakini uji huo si udongo wenu wa kawaida na unaweza kubadili kipimo. Kwetu sisi ni afadhali kuanza upya.

9. Msimwage maji shimoni ili bomba liteleze. Maji hayo yatakaa hapo na kudanganya.

10. Acheni sentimita chache za bomba juu ya ardhi. Bonyezeni udongo kulizunguka kwa vidole, uwe sawa na udongo wa tuta. Usiwe kishimo, maana kishimo hukusanya maji. Wala usiwe kilima, maana kilima huyafukuza.

11. Fungeni kitambaa kikavu kwenye kijiti, mpitishe ndani ya bomba. Kikitoka na unyevu, kausheni mpaka kitoke kikavu. Halafu fungeni kifuniko kwa nguvu.

12. Subirini. Udongo ulioguswa unataka muda kutulia. Mwagilieni kama kawaida kwa majuma machache kabla ya kuamini namba. Namba za mwanzo tutaziandika, lakini hatutagawa maji kwa kuzifuata.

JINSI TUNAVYOPIMA KAMA BOMBA LINASEMA KWELI

Njia ya kuhakikisha ni ya zamani na ni rahisi kuelewa. Tunachimba karibu, lakini si pale pale kwenye bomba. Tunachukua udongo kwa pete ya chuma ambayo ujazo wake unajulikana, tuseme sentimita za ujazo 100. Tunaupima uzito, tunaukausha katika tanuri kwa joto la digrii 105 kwa saa 24, tunaupima tena. Kama ulikuwa gramu 165 na sasa ni gramu 140, maji yaliyotoka ni gramu 25. Katika ujazo wa 100, hiyo ni asilimia 25. Kisha tunatazama kifaa kilisema nini kwenye kina hicho hicho. Vikikaribiana, vizuri. Vikiachana sana, tunalitilia mashaka bomba kabla ya kumtilia mashaka mwenye bustani.

NAMBA HIZI ZINAGEUKAJE JERIKANI?

Msiogope hesabu hii, maana inahusu jasho lenu. Katika tabaka la udongo la sentimita 10, kila asilimia 1 ya unyevu ni milimita 1 ya maji. Na milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1.

Tuseme tumepima matabaka manne, mpaka sentimita 40, tukapata 18, 22, 26 na 28. Jumla ni milimita 94. Tuseme pia tumekwisha kujua kwamba udongo huu ukishiba bila kutuamisha maji una asilimia 30 katika kila tabaka. Basi ukishiba una milimita 120. Pungufu ni 26. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 lina mita za mraba 10. Linahitaji lita 260, yaani jerikani 13 za lita 20.

Sasa tuseme bomba limelegea na maji yameteremka kando yake. Kifaa kitasema 29, 30, 30, 30. Jumla 119. Pungufu ni 1 tu, yaani lita 10, nusu ya jerikani. Nusu ya jerikani mahali pa jerikani 13! Tofauti yote hiyo inatoka katika nafasi ambayo hata ukucha wa mtoto hauingii. Ndiyo sababu nasema kazi hii haitaki haraka.

KULITUNZA

Wazazi, tunaomba mzungumze na watoto. Mtoto akitupa jiwe ndani ya bomba, kifaa hakishuki tena. Vifuniko vya mabomba viwili vimekwisha kupotea, na kimoja tulikiona kimefunga chupa ya mafuta. Simlaumu mtu, maisha ya kambi yanajulikana. Lakini bomba lisilo na kifuniko linaingiza mvua, na bomba lenye maji ndani halina faida. Mkikosa kifuniko, njoni mtuambie siku hiyo hiyo. Wakati mnangoja, funikeni kwa mfuko wa plastiki na kamba.

Mkipalilia karibu na bomba, tumieni mikono, si jembe. Msifunge mbuzi kwenye bomba. Msilivute kuona kama limekaza, maana kulivuta ndiko kunakolilegeza. Baada ya kumwagilia, angalieni kama maji yanazama upesi kulizunguka kuliko pengine, au kama udongo umepasuka kando yake. Hizo ni dalili za bomba mwongo. Ardhi ya mfinyanzi hupasuka sana wakati wa jua, kwa hiyo wenye bustani za bondeni muwe macho zaidi.

KANUNI MPYA

Nimalize na jambo ambalo tumekubaliana na wenyeviti wote. Kuanzia kiangazi hiki, namba ya bomba peke yake haitamnyima mtu maji. Kikundi kikisema udongo ni mkavu na kifaa kinasema umeshiba, mpimaji na mwanakikundi watachimba pamoja, hatua mbili kutoka kwenye bomba, mpaka sentimita 20. Watachukua udongo wa hapo na kuufinyanga mkononi. Ukishikana ukawa donge na kuacha unyevu katika kiganja, kifaa kimesema kweli, na kikundi kitasubiri zamu yake bila kununa. Ukivunjika na kumwagika kati ya vidole kama unga, bustani itapewa maji siku hiyo, na bomba litang'olewa na kusimamishwa upya.

Kanuni hii inakata pande zote mbili. Hata mpimaji akiwa na elimu, atainama achimbe. Na hata mwenye bustani akiwa na sauti kubwa katika mkutano, udongo ndio utakaoamua. Yule mama aliyeniita nikaguse udongo alikuwa sahihi kuliko daftari langu. Sasa yeye ni mmoja wa wawili waliochaguliwa na kikundi chake, na nimemwomba awe wa kwanza kushika keekee tutakapoanza. Nitasimama pembeni na pimamaji, na gari likinisubiri, litasubiri.

Mwenye swali asione haya. Aulize hapa, au anikute bustanini.